Kipara cha Mashine

Mashine ya mama yangu ilikuwa na kipara. Ndivyo mimi na dada yangu tulivyokiita tulipokuwa wadogo, pale kijijini Mchombe: kipara cha mashine. Kifuniko chake cha chuma kilitoka kiwandani kikiwa na rangi ya kijani iliyokunjamana kwa makusudi, mikunjo midogo midogo iliyosongamana, na ukipitisha kidole ilikukwaruza kidogo kama ulimi wa ndama. Lakini upande wa kulia, juu ya mahali mchele unapotokea, hapakuwa na rangi wala mikunjo. Palikuwa chuma kitupu, laini, kinachong'aa kama mgongo wa kijiko cha zamani. Upana wake ulikuwa upana wa kiganja cha mama.

Hakuna aliyekisugua. Mama aliweka mkono tu. Kila siku ya msimu wa kukoboa, mwaka hadi mwaka, mkono wake wa kushoto uliachia mpunga ushuke na wa kulia ukatulia pale juu ya kifuniko. Ndani ya banda injini ya dizeli ilipiga kelele kiasi kwamba masikio hayakuwa na kazi yoyote, kwa hiyo mama alisikiliza kwa kiganja. Mpunga mkavu uliitetemesha mashine kwa namna yake. Mpunga wenye maji uliitetemesha kwa namna nyingine, na mama aliijua tofauti hiyo kabla punje iliyovunjika haijaangukia kwenye beseni.

"Mama, mpunga wako bado una maji," alimwambia mwenye gunia. "Nikiendelea nitakupa chenga tupu. Nenda ukaanike siku moja zaidi."

"Nimeanika siku tatu nzima!"

"Basi jua la kwako lilikuwa limelala."

Watu kwenye foleni walicheka, mwenye gunia alinuna, kisha alifunga gunia lake na kwenda kuanika. Sikuwahi kuona mtu akimbishia mara mbili.

Kuna siku moja ya wakati ule ambayo ningependa kuieleza hapa, kwa sababu nitaihitaji mbele. Mama alikuwa amegombana na jirani yetu, mwanamke aliyekaa ng'ambo ya barabara. Sababu nimeisahau, nadhani hata wao waliisahau, ila ukimya wao tuliujua wote: walipishana kisimani kama watu wasioonana. Mchana mmoja wingu lilitokea ghafla upande wa milima, na jirani huyo hakuwepo nyumbani. Mpunga wake ulikuwa umetandazwa uani, kwenye maturubai mawili. Mama aliiacha mashine ikinguruma, mpunga wa mteja ukiwa ndani, akavuka barabara mbio na kanga ikiwa imemdondoka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja turubai letu. Alinirukia.

"Wa kwetu una watu!" alifoka. "Huu hauna mtu! Hujui kutazama?"

Tuliuanua wote. Jioni yule jirani alileta bakuli la mchele, akaliweka mlangoni, akaondoka bila salamu. Mama alilipokea bila shukrani. Waliendelea kununiana hadi mavuno yaliyofuata.

Kwetu huwa hivyo. Mpunga ulioanikwa, wingu likishafunga, hauna mwenyewe. Aliye karibu ndiye anayeuanua, na haulizi ni wa nani.

Mama alifariki mwaka juzi. Banda lilifungwa kwa mnyororo, mimi nikarudi Dar es Salaam kuandika, dada akabaki na shamba. Mwaka huu, mvua za masika zilipokaribia kwisha, alinipigia simu. Alikuwa ameamua mashine irudi kazini kabla mpunga mpya haujaanza kuingia. Fundi wa injini alikuwa amekuja na kumaliza kazi yake. Tatizo lililobaki lilikuwa kutu.

"Imekula kifuniko, imekula kinga ya mkanda, imeanza hata kwenye mdomo wa kumiminia," alisema. "Ikifika ndani hatuna mashine tena."

"Na kipara?"

"Ilianzia hapo hapo. Si hakuna tena mkono wa kuisugua."

Nilipanda basi siku ya pili yake. Tulipoipita Kidatu na bonde likaanza kufunguka, kijani mpaka macho yanaposhindwa, niligundua kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala juu ya begi langu, kiganja chini, kama wa mtu anayetuliza kitu.

Banda lilinuka panya na dizeli ya zamani. Kipara kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya rangi. Nilichovya ncha ya kitenge kwenye mafuta nikasugua, na taratibu kile chuma kikaanza kung'aa tena, kwanza katikati, halafu pembeni. Nikaweka mkono. Kilinitosha karibu kabisa, ila mahali pa kidole gumba palipita kidogo. Mama alikuwa na gumba refu. Chuma kilikuwa cha baridi. Sijui nilitegemea nini. Katika kumbukumbu yangu mahali pale pana uvuguvugu siku zote.

Dada alikuja na spana. "Sogea, nifungue nati."

"Dada, kipara kibaki."

"Kibaki vipi?"

"Wapake kote, hapa waache."

Alinitazama kama anavyowatazama wateja wanaouliza kama mchele utaongezeka ukiloweshwa. "Mdogo wangu, kutu haijui huo ni mkono wa nani."

"Nitakuwa nakuja kupaka mafuta."

"Wewe?" Alicheka, si kwa ubaya. "Ulikuja lini mara ya mwisho? Mimi mwenyewe nilikuwa hapa kila siku na sikukipaka." Baada ya hapo sauti yake ilishuka. "Unadhani mimi sikitaki? Nikiingia humu ndani nakitazama kwanza kile, ndiyo natazama mengine. Haya. Kipeleke Ifakara, pale Mlabani, kwa fundi wa rangi. Akisema inawezekana, mimi sina neno. Lakini Jumatatu nakoboa."

Tulifungua kifuniko, kinga ya mkanda na vifuniko viwili vidogo, tukavifunga kwenye magunia, na asubuhi ya Alhamisi nikavipeleka Ifakara.

Fundi alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe kabla haijakutana na kila rangi iliyopita mikononi mwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yakiwa tayari kwenye gunia. Alikitoa kifuniko, akafumba macho, akapitisha vidole juu ya mikunjo.

"Hii!" alisema. "Hii sijaulizwa miaka. Nilijifunzia karakanani, kule Kidatu, tulikuwa tunapaka vifuniko vya pampu. Watu wa siku hizi wanataka king'ae kama bodaboda mpya. Hawajui rangi laini ni mbea. Chuma kikigongwa mahali, inamwonyesha kila mtu. Hii ya kujikunja inatunza siri."

"Unayo?"

"Ninayo kopo na nusu. Nilikuwa namsubiri nani, sijui. Kumbe wewe."

Nilimwonyesha kipara, nikamweleza. Sikupanga kumweleza yote lakini nilimweleza: kelele ya injini, mkono, chenga. Alisikiliza akiwa amechuchumaa. Mwishowe alisema inawezekana. Atakiziba kwa utepe wa karatasi, apake kwingine kote, halafu rangi ikishakauka autoe utepe na kukipulizia vanishi isiyo na rangi, nyembamba, ili kutu isiingie.

"Kitaonekana, ila utakuwa unagusa vanishi, si chuma. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilitaka tu kibaki.

Siku ile na asubuhi ya Ijumaa tulikwangua. Alinipa brashi ya waya, akanipa msasa, na mimi nikasugua kutu na rangi ya zamani mpaka mabega yakawaka na vumbi la kijani likaingia hadi kwenye meno. Nilikizunguka kipara kama mtu anayefagia kuzunguka mtoto aliyelala. Fundi alifuta kila kitu kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akapaka rangi ya chini kote isipokuwa kwenye kipara, kisha akakata utepe kwa wembe kufuata ukingo wa kipara, pole pole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo.

Halafu akawasha kompresa. Aliipuliza rangi mara tatu: mara ya kwanza kwa urefu, ya pili kwa upana, ya tatu kwa mshazari, nzito kuliko nilivyowahi kuona rangi ikipakwa. Kila kitu kililowa na kung'aa, laini kabisa, na nikaogopa kwamba amekosea.

"Subiri," alisema. "Haijajua kwamba kuna joto."

Alikuwa na karatasi kubwa la bati lililopakwa rangi nyeusi, ambalo aliliita oveni. Aliliweka juani karibu na mlango, akapanga vyuma juu yake, na bati lile lilikuwa la moto kiasi kwamba hewa juu yake ilicheza. Adhana ya Ijumaa ilisikika. Fundi alinawa mikono kwa tina, kisha kwa sabuni.

"Mimi nakwenda kuswali. Wewe kazi yako moja tu. Jua likibadilika, shika bati hapa, vuta lote liingie bandani. Usiguse vyuma. Ukivigusa saa hizi, havisahau."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikatazama. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu, kwenye kona moja ya kifuniko, rangi ilikunja uso. Mstari mmoja mwembamba, halafu mwingine, halafu mingi kwa pamoja, kama utando wa uji unaopoa bakulini, ikienda ikisambaa kutoka pembeni kuelekea katikati. Nilisogea nikapiga magoti. Nilikuwa na miaka sita tena. Kifuniko cha mashine ya mama kilikuwa kinarudi mbele ya macho yangu, mkunjo kwa mkunjo, na upande wake wa kulia utepe mweupe ulilinda mahali pa mkono. Nakumbuka niliwaza: nikingoja vya kutosha, na yeye atarudi. Mtu huwaza mambo kama hayo akiwa peke yake juani.

Upande wa pili wa uzio wa mabanzi wanawake wawili walikuwa wameanika mpunga. Nilikuwa nikisikia miguu yao ikiugeuza, ile sauti ya punje kavu zikipitishwa nyayo. Sikuitilia maanani. Baadaye wakaingia ndani kupika.

Upepo ulikuja wa kwanza, wa baridi, kutoka upande wa milima ya Udzungwa. Niliinua kichwa na wingu lilikuwa limeshafika. Tone moja liliniangukia shingoni. Na kutoka ng'ambo ya uzio mwanamke akapiga kelele:

"Mpunga! Mpunga jamani!"

Nilikimbia. Nilipita kwenye pengo la uzio, nikashika pembe ya turubai, mwanamke mmoja akashika pembe ya pili, tukalikunja juu ya mpunga, tukakokota kuelekea kibarazani. Mwenzake alikuwa akikusanya la pili kwa ungo na mikono. Nilimsaidia, nikapiga magoti, nikakumba kwa mikono yote miwili, nikifoka "Leta gunia! Leta gunia!" kwa watu nisiowajua. Mvua iliposhuka kweli kweli tulikuwa tumebakiza punje za kuku tu.

Tulisimama chini ya baraza tukihema. Mkubwa wao, mama mtu mzima mwenye unga wa makapi hadi kwenye nyusi, alinishika bega.

"Ahsante, mwanangu. Wewe wa nyumba gani? Mbona sikujui?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo ndipo nilipolikumbuka bati.

Fundi alinikuta nimesimama mlangoni mwa banda lake, nimelowa. Bati nilikuwa nimeshaliingiza ndani, lakini mvua ilikuwa imemaliza kazi yake. Rangi iliyokuwa haijakauka ilikuwa imetobolewa na matone, sehemu nyingine imeteremka kama machozi ya mshumaa. Utepe ulikuwa umebanduka upande mmoja, maji yamepita chini yake yakibeba rangi, na jua la baada ya mvua, kali kama la kutusuta, likipenya mlangoni, lilikuwa limeanza kuikunja rangi ile juu ya kipara.

"Si nilikwambia uvute?"

"Nilikimbilia mpunga."

Alitazama uzio, akatazama magoti yangu yenye matope na makapi. Alikaa juu ya ndoo. Nilidhani atafoka, nikatamani afoke.

"Mpunga wao umepona?"

"Umepona."

"Basi," alisema, akavua kofia akaikamua. Kisha akaongeza: "Sasa sikiliza, binti yangu. Hii yote inatoka, tunaanza upya, rangi ya nusu kopo itatosha. Lakini pale pa mama yako rangi imeshashika chini, tina peke yake haitaitoa. Nikitaka kuitoa, lazima nisugue na msasa hadi chuma. Nikimaliza utaona mahali laini, panang'aa vizuri. Ila patakuwa pamelainishwa na mimi. Ulaini wake yeye hautakuwepo. Nisikudanganye."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe ndiye wa kusema. Nikuachie duara la msasa wangu, au nipake chote."

Mvua ilikuwa imekwisha. Ng'ambo ya uzio wale wanawake walikuwa wakitandaza mpunga tena, wakitaniana, mmoja akimwambia mwenzake kwamba anakimbia kama bata. Nilikipitishia kipara kidole. Rangi laini laini iling'ang'ania ncha ya kidole changu, ikabaki na alama ya mistari ya ngozi yangu, pale pale.

"Paka chote," nikasema.

Jumapili jioni nilimkabidhi dada magunia. Alikitoa kifuniko nje ya banda, kwenye mwanga. Kilikuwa kizuri, siwezi kukana. Alipitisha mkono juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, na alipofika pale mkono ukasimama, ukarudi nyuma, ukatafuta.

"Kiko wapi?"

Nilimweleza yote, wingu, sauti ya yule mwanamke, bati.

"Ulikimbilia mpunga wa nani?"

"Simjui."

Aligeuka akatazama ng'ambo ya barabara, kwa jirani ambaye mama hakuwa akisalimiana naye. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka hadi alipogeuka, na hata hapo sikujua vizuri.

"Ungekimbilia kifuniko," alisema, "mama angefufuka akuchape."

Jumatatu mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye nusu gunia, wa foleni za zamani. Injini iliwaka baada ya kukataa mara mbili. Dada aliachia mpunga kidogo kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukapanda wenyewe ukatua juu ya kifuniko. Aliuinua mara moja.

"Inakwaruza!" alinipigia kelele. Kisha akaurudisha.

Nilimwona akikunja uso, akisikiliza. Alinikonyeza nisogee. "Weka na wewe! Una maji au hauna?"

Niliweka kiganja changu kando ya chake. Chuma kilikuwa kimeanza kupata uvuguvugu. Mtetemo ulinipanda hadi kwenye kiwiko, hadi kwenye meno, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja ninalolijua.

"Sijui!" nilifoka.

"Na mimi sijui!"

Tuliuachia mpunga wote. Beseni lilijaa, na karibu theluthi yake ilikuwa chenga. Dada alizima injini. Yule mwanamke aliinama, akachota mchele, akaupepeta kiganjani bila hasira.

"Mama yenu angenirudisha nikaanike," alisema.

"Angekurudisha," dada akakubali.

Tukasimama watatu tukiutazama ule mchele.

Niliondoka kesho yake. Asubuhi niliingia bandani peke yangu, nikakandamiza mkono kwenye kifuniko kwa nguvu zangu zote na kuhesabu hadi mia. Nilipoutoa, mikunjo yote ilikuwa imejichora kwenye kiganja changu, myekundu. Nilikaa nacho wazi mapajani garini, nikikitazama. Tulipofika Ifakara hakikuwa na kitu.

Wiki iliyopita dada alinipigia mchana, wakati wa kazi, jambo ambalo hafanyi.

"Leo nimemrudisha mtu," alisema. "Nimemwambia mpunga wake una maji. Amebisha, ameumenya mwenyewe, akauma punje. Una maji kweli!"

"Umejuaje?"

"Sijui nimejuaje. Mkono umekataa tu."

Nilitaka kumuuliza kama rangi imeanza kuchubuka pale. Nilijua ni mapema mno, ni msimu mmoja tu, lakini niliuliza.

"Umeshaanza mambo yako," akasema akicheka. "Ngoja, kuna mtu hapa. Usikate."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya chuma. Injini ikakohoa, ikawaka. Dada alikuwa ameniweka juu ya kifuniko na kunisahau. Nilisikia watu wa foleni wakizungumza bila kuyashika maneno, nikasikia mpunga ukishuka, na simu ikitetemeka juu ya ile mikunjo ikisogea kidogo kidogo. Nililaza kiganja changu juu ya meza, nikatulia hivyo mpaka salio lake lilipokwisha.